Mwanga ulipungua: kifo cha sinema ya mtaa wetu Nakuru, kutoka chumba cha mashine

Ukiwauliza watu wa rika langu hapa Nakuru ni nini kiliua sinema ya mtaa wetu, watakujibu mara moja: video. Wengine watataja televisheni, wengine hofu ya kutembea usiku. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha mashine cha jumba hilo tangu 1978, nikianza kama mbeba mikebe, hadi lilipofungwa 1997 nikiwa opareta. Jibu langu ni jingine: mwanga ulipungua. Sisemi kwa mafumbo. Nasema mwanga wenyewe, ule uliotoka kwenye mashine ukapita juu ya vichwa vya watu na kugonga skrini. Ulipungua mwaka baada ya mwaka, na sisi wa juu tuliuona ukipungua miaka mingi kabla watu wa chini hawajajua kwamba jumba linakufa.

Nieleze kwanza chumba chenyewe, maana wengi waliokaa kwenye viti vile maisha yao yote ya ujana hawakuwahi kupanda ngazi ile. Kilikuwa nyuma ya balkoni, kuta nene, mlango wa chuma, na vidirisha vidogo vyenye vifuniko vya bati zito vilivyoning'inia kwa mnyororo. Vifuniko hivyo vilikuwa tahadhari ya moto. Zamani mikanda ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kwa ukali ambao maji hayauzimi. Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini majumba yaliendelea kujengwa kana kwamba bado ipo, na nashukuru, kwa sababu kuta zile nene zilituzibia pia kelele za mashine.

Mashine zilikuwa mbili, zimesimama sambamba, kila moja na kidirisha chake. Mbili kwa sababu filamu haiji kwa mkanda mmoja. Mkanda wa milimita 35 hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kila dakika, kwa hiyo rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Filamu ya Kihindi ya saa 3 ina zaidi ya futi 16,000. Hiyo ni karibu kilomita 5 za mkanda, rili 8 au 9, na mikebe yake ya bati ilinichubua mabega yote mawili nilipokuwa naibeba kutoka stesheni.

Rili moja ikikaribia kuisha, kidoa cha duara hutokea pembe ya juu ya picha, upande wa kulia. Hapo zimebaki sekunde kama 8: unawasha mota ya mashine ya pili. Kidoa cha pili kikitokea imebaki sekunde 1 tu: unafunga jicho la mashine hii na kufungua la ile, na mtazamaji asijue kwamba kuna lolote lililotokea. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini mkanda ulipotufikia sisi ulikuwa umeshapita Mombasa na Nairobi, na ncha za rili ndizo zinazochakaa kwanza. Zinakanyagwa, zinachanika, opareta anakata kipande na kuunga upya kwa gundi. Akikata, kidoa kinaondoka nacho, basi anachukua msumari na kukwaruza alama yake. Niliwahi kuhesabu alama tano mwishoni mwa rili moja, kila moja ya mkono tofauti, kama majina kwenye gome la mti. Ndiyo maana hadithi zetu ziliruka kila baada ya dakika 20: mtu ananyanyua mkono kupiga, tunamwona mpinzani ameshaanguka. Na zile mikwaruzo za wima zilizoteremka kwenye picha mwanzo hadi mwisho, watu wa mtaa wa Bondeni waliziita mvua. "Leo mvua ni nyingi," walisema wakitoka, na hawakuwa wakizungumzia mawingu.

Mkanda mbovu hauui jumba, hata hivyo. Watu huvumilia mvua. Jambo wasiloweza kulivumilia, hata kama hawalijui kwa jina, ni giza.

Taa yetu haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyopakwa shaba kwa nje, unene wa penseli, kimoja chanya na kingine hasi, vikitazamana ndani ya sanduku la chuma. Unavigusanisha umeme unapita, unavitenganisha kidogo, na katika ile nafasi unawaka moto mweupe usioweza kuutazama kwa macho matupu. Ncha ya kijiti chanya hufika zaidi ya nyuzi 3,500. Nyuma yake kuna kioo cha mviringo kinachokusanya mwanga na kuusukuma kwenye kidirisha cha mkanda, ukubwa wake hauzidi stempu kubwa ya posta, na kutoka hapo lenzi inaupeleka kwenye skrini. Mwanga wote wa ukumbi mzima unapita kwenye stempu ile.

Vijiti vinaungua, kwa hiyo vinafupika, kwa hiyo nafasi kati yao inapanuka. Mota ndogo ilivisogeza, lakini haikuwa ya kuaminika, na mkono wangu haukutoka kwenye kitasa. Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na tundu dogo lililotupa taswira ya moto kwenye kadi yenye mistari miwili. Ncha zikikaa kwenye mistari, mambo ni sawa. Zikiteleza, skrini inageuka kahawia upande mmoja au inakuwa na ukingo wa buluu, na usipowahi, mbinja zinaanza chini: "Opareta! Amka!"

Watoto wa Nakuru tulikijua kijiti cha kaboni mapema kuliko watoto wa miji mingine. Eveready walikuwa na kiwanda cha betri hapa tangu miaka ya 1960 hadi kilipofungwa 2014, na betri kavu ina kijiti hichohicho katikati yake. Tulizipasua betri zilizokufa kwa jiwe, tukakitoa, tukachorea kwenye sakafu za saruji. Tofauti ni kwamba ndani ya betri kaboni hupitisha umeme bila kuliwa, na ndani ya mashine ya sinema huliwa. Kila dakika ya kila filamu ilikula kaboni. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Bondeni aliyeanza kabla ya uhuru. Siku ya kwanza alinikuta nimebandika uso kwenye kidirisha natazama filamu. "Kijana wangu," akasema, "wewe si mtazamaji. Hadithi waachie waliolipa. Wewe chunga moto." Na alikuwa na kipimo chake. Kwenye taaluma, mwanga wa skrini hupimwa kwa kifaa, na kiwango kinachotakiwa ni futi-lamberti 16. Kifaa hatukuwa nacho. Kila Jumatatu, onyesho la kwanza, alinituma chini hadi safu ya mwisho kabisa na tikiti mkononi. Kazi yangu ni kusoma namba ya tikiti kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye skrini, mkono umenyooka. "Umeisoma?" "Nimeisoma, Mzee." "Basi panda."

Mwaka 1978 niliisoma bila kukunja jicho.

Jumba lenyewe lilikuwa limejengwa miaka ya 1950 na mfanyabiashara wa Kihindi, kama yalivyokuwa majumba mengi ya sinema katika miji ya reli ya Kenya. Siku zile bodi ya ukaguzi iliweza kuruhusu filamu kwa Wazungu na Wahindi na kuikataza kwa Waafrika, na mwalimu wangu aliwahi kuonyesha filamu ambazo ndugu zake hawakuruhusiwa kuingia kuzitazama. Yeye aliyewasha moto! Hakulizungumza sana. Uhuru ulipokuja, milango ikafunguliwa, na hapo ndipo jumba lilipopata maisha yake halisi, kwa sababu liliwekwa mahali pake hasa: dakika kumi kwa miguu kutoka Bondeni, na wa Kivumbini na Flamingo nao walifika bila nauli. Hilo la nauli ndilo siri ya sinema ya mtaa. Sinema ya katikati ya jiji hungoja mtu aamue kwenda. Ya mtaa humkuta amesimama nje ya duka Jumamosi saa nane na nusu, ana shilingi zake mfukoni, anasikia muziki.

Jumapili ilikuwa ya familia za Kihindi. Balkoni ilijaa bibi, wajukuu, vyakula vilivyofungwa kwenye vyombo vya chuma, na marashi yaliyopanda hadi kwetu yakichanganyika na harufu ya kaboni. Filamu za Kihindi zina mapumziko katikati, na hiyo ilikuwa neema kwa opareta: dakika kumi na tano za kubadilisha vijiti, kusugua geti la mkanda na kula sambusa ya moto iliyoletwa na mtoto wa mwenye jumba. Siku za katikati ya wiki zilikuwa za vijana wa chini na filamu za karate. Mwisho wa mwezi walikuja wafanyakazi wa kiwanda, wa reli na wa pareto, wengine bado na nguo za kazi. Kabla ya picha, Wimbo wa Taifa na sura ya Rais kwenye skrini. Wote wanasimama, anayeingia amechelewa anaganda palepale kwenye njia na tikiti yake mkononi. Kutoka juu niliona vichwa mia nne vimetulia, na moshi wa sigara umekatwa na mwale wa mwanga kama ubao.

Katika hesabu, balkoni ilikuwa theluthi ya viti lakini bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya chini. Jumapili moja iliyojaa ilinunua kaboni ya wiki nzima. Jumba liliendeshwa na pesa za juu, na vijana wa chini walipata sinema ya bei nafuu kwa sababu bibi wa Kihindi alikuwa amelipa.

Sasa video. VHS iliuzwa kwa mara ya kwanza Japani 1976, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zenye uwezo hapa Nakuru zilikuwa zimeanza kupata mashine zake. Nani alikuwa na uwezo? Walewale wa balkoni. Video haikutuondolea watazamaji wote. Ilituondolea walioilipia taa. Chini kulikuwa bado kumejaa kabisa 1985, na mtu aliyepita nje akiona foleni angesema biashara ni nzuri. Juu, safu tatu za mbele, na nyuma yao viti vilivyofunikwa.

Kaboni ilitoka ng'ambo. Miaka ile, kuagiza kitu chochote kutoka nje kulihitaji leseni na kibali cha fedha za kigeni, na kijiti cha sinema hakikuwa kwenye orodha ya mahitaji ya taifa mbele ya mafuta na dawa. Yalipokuja maboksi, yalikuja machache na ghali. Mwenye jumba akapanda ngazi jioni moja mwaka 1984, akasimama karibu na kisanduku cha umeme, akauliza kwa upole tunatumia ampea ngapi. Sitini. "Hamsini haziwezi?" Zinaweza, picha inaonekana. Mwalimu wangu akageuza swichi hadi 50 bila kusema neno, kisha akanituma chini na tikiti.

Jambo moja la kitaalamu lieleweke hapa. Mwanga wa kaboni haushuki sambamba na umeme. Ukipunguza umeme kwa moja ya sita, mwanga unapungua kwa zaidi ya hapo, kwa sababu ncha inapoa na ile sehemu ing'aayo inasinyaa. Na jicho la binadamu ni mwongo mkarimu: linazoea. Ukishusha mwanga leo, kesho hakuna anayelalamika. Mwenye jumba alisimama nyuma ya balkoni, akatazama dakika tano, akaona picha ni ileile. Kwake ampea kumi zilikuwa akiba ya bure.

Baada ya hapo zikawa 45. Kioo kilikuwa kimeanza kutoboka vidoa kwa matone ya shaba yanayoruka kutoka kwenye vijiti, na kioo kipya nacho kilihitaji kibali. Skrini ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa miaka thelathini ya moshi wa sigara. Huwezi kuiosha, kwa sababu ina matundu madogo ya kupitisha sauti ya spika zilizo nyuma yake na maji yanaiharibu. Kila kimoja kilipunguza kidogo. Tulianza kuunga masalio: vipande vya vidole viwili ambavyo zamani tulivitupa kwenye ndoo, sasa tuliviunganisha kwa bomba dogo la shaba ili viungue hadi mwisho. Kiungio kinapofika kwenye moto, mwanga unapepesuka, unageuka kijani kwa sekunde kadhaa, ukumbi unapiga mbinja. Nilikuwa najua dakika itakayotokea, na kila mara nilishika kitasa kama nimeshika mkono wa mgonjwa.

Mandhari za usiku ndizo zilizokufa kwanza. Filamu yoyote ina dakika kadhaa za giza: mtu ananyemelea uani, kisu kinametameta, uso unaonekana nusu. Kwa ampea 40 na kioo kilichotoboka, dakika hizo zilikuwa ukuta mweusi wenye sauti. Watu wakaanza kuzungumza wakati huo, kuwasha viberiti, kutoka kwenda chooni. Hawakusema "mwanga umepungua." Walisema filamu za siku hizi hazina maana.

Mwaka 1988 niliposhuka na tikiti, sikuisoma namba. Mwalimu wangu alikuwa ameshastaafu. Nilipanda juu na hakukuwa na wa kumjibu.

Hapa ndipo vibanda vya video vilipotushinda, na si kwa sababu watu walidhani kibanda ni bora. Hakuna aliyeamini kwamba televisheni ya inchi 21 juu ya meza, mabenchi, na paa la mabati lenye joto ni bora kuliko ukumbi. Lakini televisheni hutoa mwanga wake yenyewe. Skrini ya sinema haina mwanga, inarudisha ulichoipa. Uipe kidogo, nayo itarudisha kidogo, tena ikigawanya kwa futi za mraba mamia. Kile kioo kidogo cha kibanda cha mtaa wa Kaptembwo kiling'aa hata mlango ukiwa wazi, uso wa stelingi ulionekana, kisu kilionekana. Siku ambayo kioo kidogo kilionyesha zaidi ya skrini yetu, vijana wa chini nao wakaondoka, na hao ndio waliokuwa wamebaki.

Kulikuwa na dawa. Taa ya zenoni ilianza kutumika kwenye sinema Ujerumani miaka ya 1950: balbu moja, saa elfu na zaidi, hakuna cha kusogeza, hakuna moshi, na mwanga wake hautetereki. Nilimwandikia mwenye jumba hesabu kwenye karatasi, kaboni ya miaka miwili dhidi ya taa moja na rektifaya yake, kifaa cha kuigeuzia umeme. Aliisoma yote, mbele yangu, kwa makini. Kisha akasema watoto wake wawili wako Uingereza na hawatarudi, na yeye hawezi kununua kitu cha miaka kumi. Simlaumu hata leo. Alinilipa mshahara wangu kila mwezi hadi mwisho, hata miezi ambayo najua tikiti hazikufika hata nusu yake.

Vilivyofuata vilikwenda haraka. Machafuko ya 1991 na 1992 huko Molo na kandokando yaliujaza mji wakimbizi na hofu, na onyesho la saa tatu usiku likafutwa, halikurudi tena. Mwaka 1993 shilingi ilianguka kutoka kama 36 kwa dola hadi zaidi ya 60, na kwa bahati mbaya ilikuwa wakati uleule vibali vya fedha za kigeni vilipokuwa vinaondolewa. Sasa ungeweza kuagiza kaboni bila kumwomba mtu, ila hukuwa na pesa za kuilipa. Usiku wa mwisho, 1997, walikuwepo watu thelathini na mmoja. Nilitumia vijiti vizima, jozi mbili za mwisho, kwa ampea 60. Sikumwomba mtu ruhusa. Kuna kijana aligeuka kutoka safu ya katikati, akaangalia juu kwenye kidirisha changu, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Mashine zilinunuliwa kwa kilo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walizivunja palepale uani kwa nyundo, wakitenga shaba na chuma. Niliokota kioo kimoja, kile kilichotoboka, nikakipeleka nyumbani.

Jumba likawa kanisa, kama mengi ya wenzake nchini. Mimi nikaendelea na kazi ya spika na taa za kumbi, na miaka michache iliyopita kamati ya kanisa hilo ikaniita: wanataka maneno ya nyimbo yaonekane ukutani, wamenunua projekta ndogo, wameiweka kwenye kiti katikati ya waumini na haionekani mchana. Niliwaambia ukumbi wa urefu huu unahitaji projekta ya leza na lenzi ya masafa marefu, na kwamba mahali pa kuiweka pameshajengwa. Mchungaji hakunielewa. Nikampeleka nyuma ya balkoni. Kidirisha cha kushoto kilikuwa kimezibwa kwa plasta, lakini umbo lake lilionekana chini ya rangi, na patasi iliingia kwa urahisi.

Kuifunga projekta hiyo mahali pake kulituchukua siku mbili. Jumamosi jioni, ukutani pamewekwa skrini mpya, nyeupe, nilimwomba kijana wa sauti aweke ukurasa wa wimbo. Nikashuka hadi safu ya mwisho. Sikuwa na tikiti, nilikuwa na risiti ya duka la vifaa vya umeme kwenye mfuko wa shati. Nikanyoosha mkono. Jumla ilikuwa upande wa chini, kulia, na niliisoma hadi senti.